Chama cha kuzikana kimenifuta na mama yangu ni mgonjwa: naomba ushauri

Mwana wa Ziwa (mleta mada)

Ndugu wanajamvi, amani iwe kwenu. Ninaandika nikiwa na wasiwasi mwingi, na ninaomba mtakaonijibu mnijibu kwa kutafakari.

Mimi ni mzaliwa wa Kagera, mtoto wa kwanza katika familia yetu, na biashara zangu ziko Mwanza na Dar es Salaam. Mungu amenijalia riziki, wala sijasahau nilikotoka: nimejenga nyumba ya ghorofa katika kibanja cha marehemu baba, nimechangia mabati ya shule na kengele ya kanisa, na katika chama cha kuzikana cha kitongoji chetu nimekuwa nikilipa michango ya miaka kadhaa mbele, ili nisidaiwe faini kila ninaposhindwa kufika msibani. Hivi karibuni nimepokea barua kutoka kwa katibu wa chama hicho, inayosema kwamba jina langu limefutwa, kwamba michango niliyoitanguliza imerudishwa yote, na kwamba litakapotokea la kutokea nyumbani kwangu wanachama hawatachimba kaburi, hawatapika wala hawatakesha.

Mama yangu ni mzee sana na moyo wake umechoka. Daktari ametuambia tujiandae. Nimemwekea muuguzi, nimemnunulia mashine ya hewa, na amekuwa akiishi katika nyumba niliyomjengea. Maswali yangu ni mawili. Je, kuna sheria inayoweza kuwalazimisha watu hawa kutimiza wajibu waliolipiwa? Na kama haipo, je, ni vibaya nikimzika mama Dar es Salaam? Naomba kuwasilisha.

Kijana wa Kinondoni

Mkuu, pole kwa kumuuguza mama. Kwa maoni yangu unalia na jambo lenye dawa. Baba yetu alipofariki tulikabidhi kila kitu kwa watu wa shughuli za mazishi: gari, jeneza, mahema, chakula, mpiga picha, hata vijana wa kubeba jeneza waliovaa suti zinazofanana. Saa nne asubuhi tulikuwa kanisani, na saa nane mchana kila mtu alikuwa amerudi kwake. Hakuna shangazi aliyegombana na mtu kwa sababu ya nyama, na hakuna jirani anayetudai kitu hadi leo. Lipa, zika, endelea na maisha.

Wakili wa Kata

Ndugu mleta mada, pole. Nitajibu swali la sheria kwanza, kwa kuwa ndilo ulilouliza. Chama cha kuzikana ni umoja wa hiari wa majirani. Kinaongozwa na katiba yake au na mazoea yake, na hakuna mahakama itakayomwamuru mtu ashike jembe akachimbe kaburi la mtu asiyetaka kumzika. Ungeweza kudai fedha zako, lakini mwenyewe unasema zimerudishwa, kwa hiyo hata dai hilo limekwisha.

Hata hivyo barua yako ina pengo. Vyama hivi havimfuti mtu anayelipa bila kutaja sababu, tena mtu mwenye mzazi mgonjwa. Barua ilitaja sababu gani?

Bibi Kahawa

Mimi ni mzaliwa wa Kiziba, nimeolewa Mwanza, na ninayajua mambo hayo kwa kuyaishi. Mama yangu alipofariki nilifika usiku nikiwa sina hata shilingi ya kununulia chumvi. Nilikuta ndizi zimemenywa, kuni zimepangwa, nyasi zimetandikwa sebuleni kwa ajili ya watu wa kulala matanga, na vijana wako kaburini na taa ya chemli. Hakuna aliyeniuliza nimeleta nini. Katika chama cha namna hiyo fedha ni kitu kidogo. Kinachohesabiwa ni kufika kwako, kwa sababu anayefika ndiye anayechota maji na kukaa na mfiwa.

Kwa hiyo ninarudia swali la Wakili, mwanangu. Watu wetu huvumilia mengi, na hata mlevi wa kijiji huzikwa na watu wote. Ulifanya nini?

Mwana wa Ziwa

Ninawashukuru wote mliojibu. Mama yangu Bibi Kahawa, sikufanya ubaya wowote. Sababu yao ni wivu, ingawa katika barua wameandika kwamba "amefunga njia na maji".

Niliona si muhimu kulitaja kwa sababu ni jambo la biashara na halihusiani na mazishi. Miaka michache iliyopita niliomba ardhi katika rweya ya kijiji, nikapewa hekta 30 kwa barua ya uongozi yenye muhuri. Nimepanda mikaratusi ya nguzo za umeme, na kwa sababu ng'ombe na mbuzi walikuwa wakivunja miche nimezungusha seng'enge. Ndani ya eneo hilo ipo chemchemi ambayo watu walizoea kuchota. Sikuwaacha na kiu: nimechimba kisima kirefu kando ya barabara, nimeweka pampu na kibanda cha kuuzia maji, na ndoo moja ni shilingi 50 tu, fedha ambayo inalipia mafuta ya pampu na mshahara wa kijana anayeiendesha. Maji hayo ni masafi kuliko yale waliyokuwa wakichota pamoja na ng'ombe. Ninaomba turudi kwenye suala la mama.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu, suala la mama ni hilo hilo.

Kwa wasomaji wasioifahamu Buhaya, nieleze kidogo. Kibanja ni shamba la kaya, lenye migomba na mibuni, na mara nyingi lenye makaburi ya wazee. Hilo lina mwenyewe na ukoo wake. Rweya ni mbuga ya nyasi inayozunguka kijiji, na kwa vizazi vingi ilikuwa ya wote: huko ndiko ng'ombe walikolisha, na samadi yao ndiyo iliyorutubisha vibanja, huko ndiko zilikokatwa nyasi za kuezekea, za kutandaza chini ya migomba, na za kutandika ndani ya nyumba. Udongo wa Bukoba umechujwa na mvua nyingi. Ukikiondolea kibanja samadi na nyasi za rweya, migomba hudhoofika mwaka hadi mwaka, na yule jirani ambaye hujagusa hata hatua moja ya shamba lake utakuwa umempunguzia chakula.

Tena jambo hili lina historia ambayo vijana hawafundishwi. Katika falme zetu kulikuwa na utaratibu wa nyarubanja, ambao kwa huo mkubwa alipewa vibanja vya watu, na wenyewe wakageuka wapangaji wa kumtumikia na kumlipa juu ya ardhi ya baba zao. Baada ya uhuru, kwa sheria za mwaka 1965 na 1968, serikali ilivunja utaratibu huo na kuwapa wapangaji haki ya ardhi waliyoilima. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipotaka ardhi imilikiwe na mtu binafsi moja kwa moja na kuuzika kama bidhaa, Mwalimu Nyerere alipinga kwa hoja iliyo wazi: katika nchi ya maskini wengi, wachache wenye fedha watanunua yote, na waliobaki watakuwa wapangaji. Milki ya namna hiyo ilifutwa mwaka 1963. Kisha Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, ambalo lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa na mishahara miwili, na kuwa na nyumba ya kupangisha. Na mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti hayo yakalegezwa katika kikao cha chama tawala, CCM, wala wananchi hatukuulizwa.

Sisemi kwamba miaka ya Ujamaa ilikuwa pepo. Niliona watu wakihamishiwa vijijini kwa nguvu, niliona maduka matupu, na mwaka 1976 niliona vyama vya ushirika vikivunjwa kwa amri, ikiwa ni pamoja na ule wa kahawa wa Bukoba ambao wakulima waliuunda wenyewe mwaka 1950. Lakini katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona mtu akimuuzia jirani yake maji ya chemchemi moja waliyokunywa wote wakiwa watoto.

Shaha wa Pwani

Mwalimu umesema kweli tupu. Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kwamba watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Mleta mada ameshika viwili kati ya hivyo kwa seng'enge moja.

Kwetu Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964 watu waligawiwa eka tatu tatu za mashamba. Leo nenda pwani ya mashariki ukaone: eka za wazee zimekuwa nyumba za wageni, na kina mama wanaolima mwani au kutafuta pweza hulazimika kuzunguka kuta ndefu ili kuifikia bahari. Shangazi yangu aliuza, fedha ikaisha ndani ya muda mfupi, na sasa wanawe ni walinzi wa geti katika shamba walilozaliwa. Ninayasema haya kwa uchungu, na mniwie radhi kama nimetoka nje ya mada.

Mwana wa Ziwa

Ninaheshimu dini na historia, lakini tuwe wakweli. Rweya ile ilikuwa imekaa tu, kila mwaka inachomwa moto, haimnufaishi mtu kwa thamani inayoonekana. Mimi nimeleta ajira, vijana wamepalilia na kulipwa, na ushuru nimelipa. Kama kila mtu angesubiri kijiji kizima kikubaliane, nani angepanda hata mti mmoja?

Tena ninaitwa mchoyo na watu ambao ninawakomboa kila mwaka. Mwezi wa njaa unapofika, ada za shule zikiwabana, ni nani anayewapa fedha taslimu? Ni mimi. Ninainunua kahawa ikiwa bado ni maua, wanapata fedha mkononi, na wakati wa mavuno ninachukua kilicho changu. Hakuna niliyemlazimisha.

Na kwa uwazi niseme kwamba tayari nimelipa malipo ya awali kwa kampuni moja ya mazishi ya mjini. Watakuja na wachimbaji wao, wapishi wao na wabebaji wao. Kwa hiyo ninachohitaji kwenu ni ushauri kama kijiji kinaweza kuzuia watu hao kuingia.

Bibi Kahawa

Mwanangu, umeitaja butura kana kwamba ni sadaka. Wengine humu hawajui, kwa hiyo nitaeleza. Mtu anakuja kwako mwezi ambao watoto wamerudishwa nyumbani kwa ada, anautazama mbuni wako ukiwa na maua, anakupa fedha kidogo, na kahawa ikiiva ni yake yote, hata bei ikipanda mara nne ya ile aliyokupa. Serikali imepiga marufuku biashara hiyo kwa miaka mingi, nayo inaendelea usiku.

Baba yangu aliingia humo kwa sababu ya ugonjwa wa kaka yangu. Mwaka wa kwanza alitoa kahawa ya mibuni michache. Mwaka uliofuata hakuwa na kahawa ya kuuza katika chama cha msingi cha ushirika, kwa hiyo akakopa tena kwa yule yule. Na hatimaye akawa mtumishi katika kibanja chake, anapalilia, anapogoa, anachuma, anaanika, kisha gari la mwenzake linakuja kupakia. Hakulazimishwa na mtu. Aliyemkopesha alikuwa binamu yake, na kila alipokuja aliketi, akanywa nasi rubisi, akaulizia hali ya mgonjwa. Zamani binamu huyo angempa baba mbuzi auze, au angekuja na ndugu wengine wakachanga ada, kwa sababu alijua kesho ataugua wa kwake. Tangu alipojifunza kwamba shida ya ndugu inazaa faida, hakuchanga tena.

Wakili wa Kata

Nijibu hilo la kuzuia. Kijiji hakiwezi kuwazuia wachimbaji wako kuingia katika kibanja cha familia yenu. Lakini hapo kuna neno "familia", nawe umeandika tangu mwanzo kana kwamba kibanja ni chako pekee kwa kuwa wewe ni mtoto wa kwanza wa kiume. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua shauri la mama mmoja Mhaya, Holaria Pastory, ambaye mpwa wake alitaka kutengua mauzo ya ardhi ya ukoo ambayo mama huyo aliirithi kwa baba yake akaiuza, kwa hoja kwamba mila haimruhusu mwanamke kuuza. Jaji alisema mila hiyo inapingana na usawa uliomo katika Katiba. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imebatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Mama yako ana sauti katika kibanja hicho, hata juu ya kaburi lake.

Ama kuhusu rweya, sheria hiyo hiyo inagawa ardhi ya kijiji katika mafungu matatu: inayotumiwa na wote kwa pamoja, inayokaliwa na watu binafsi, na ya akiba. Halmashauri ya Kijiji hairuhusiwi kumgawia mtu ardhi kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wananchi wote wazima waliokusanyika, haujaridhia. Barua ya mwenyekiti yenye muhuri haitoshi. Na maji yenyewe, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2009, ni mali ya umma iliyo chini ya udhamini wa Rais, hata yakichipuka katikati ya shamba lako.

Je, unao muhtasari wa Mkutano Mkuu ulioridhia wewe kupewa hizo hekta 30?

Mchunguzi

Samahani kwa kuwakatiza, lakini ninaona mnatoa machozi na sheria kwa mtu ambaye huenda hayupo. Nimeusoma uzi huu mara mbili na kuna mambo hayakai sawa.

Kwanza, nimetembea Kagera kikazi. Rweya iko juu, kwenye vilima na miinuko, nayo chemchemi hutoka chini, mabondeni, karibu na vibanja. Imekuwaje seng'enge moja ikakusanya vyote viwili? Pili, mleta mada aliandika kwamba mama "amekuwa akiishi" katika nyumba ya ghorofa, hakusema "anaishi". Tatu, tajiri mwenye biashara Mwanza na Dar es Salaam ana mawakili. Hana haja ya kuja kuuliza watu asiowajua. Tajiri huyu ana kila dhambi tunayopenda kuichukia: amefunga maji, anakopesha kwa riba ya kikatili, amekodi waombolezaji. Hii ni hadithi iliyotungwa, na aliyeitunga amejua kututekenya.

Kijana wa Kinondoni

Mchunguzi umenifungua macho. Kama ni tungo basi na mimi nilipoteza muda kumweleza mambo ya suti za wabebaji.

Mto Athi

Ninaandika kutoka Kenya. Hata ikiwa imetungwa, mtunzi hakuhitaji kwenda mbali. Kwetu J. M. Kariuki, mbunge aliyeuawa Machi 1975, alionya dhidi ya nchi ya mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi. Baba yangu alikuwa miongoni mwa walioamini kwamba wakoloni wakiondoka mashamba yatarudi kwa waliofukuzwa. Badala yake, mashamba mengi yaliuzwa kwa mwenye uwezo wa kununua au mwenye jina la kumwezesha kupata mkopo, na walinzi wakabaki kwenye malango yale yale. Mto uliokuwa ukinywesha ng'ombe wetu sasa unamwagilia maua yanayopelekwa Ulaya. Kwa hiyo nauliza, tunapoteza nini tukimjibu mtu huyu kana kwamba yupo?

Mwalimu Mstaafu

Mimi sikubaliani nawe, ndugu wa Kenya, ingawa nakushukuru. Kama yupo, kuna mama anayekaribia kufa na kijiji kinachonunua maji, na kila tunachoandika kina uzito. Kama hayupo, tumekaa tukijiona wema kwa kumhukumu mtu wa karatasi, huku kila mmoja wetu akiwa na jirani asiyemjua jina. Afadhali ajibu mwenyewe.

Mwana wa Ziwa

Nipo. Nitajibu moja baada ya jingine.

Eneo langu linaanzia kwenye mwinuko na linateremka hadi bondeni, kwa sababu nilitaka udongo wenye unyevu kwa ajili ya kitalu cha miche. Ndiyo maana chemchemi imo ndani. Anayelijua eneo letu ataelewa.

Mawakili ninao. Niliwauliza, wakaniambia nishtaki. Sikuja hapa kwa sababu ya kukosa wakili.

Kuhusu mama, Mchunguzi ana jicho kali. Mama hayupo katika nyumba ya ghorofa. Aliondoka baada ya kibanda cha maji kuanza kazi, akamfuata mjane mmoja jirani, mwenye nyumba ya vyumba viwili, na muuguzi niliyemwajiri anamtembelea huko huko. Malalamiko yaliyofikishwa katika Baraza la Ardhi la Kijiji yana orodha ndefu ya waliotia saini, na dole gumba la kwanza ni la mama yangu. Katibu alinionyesha. Mnaelewa sasa kwa nini sikuliandika hapo mwanzo.

Mjane huyo ndiye aliyeniponya nilipokuwa mdogo, nilipougua surua na mama akiwa ametoka kujifungua. Na ni mmoja kati ya wale ambao kahawa yao huwa ninainunua ikiwa maua. Nilimpelekea magunia ya mchele na blanketi kwa kumshukuru kumtunza mama, akayarudisha kwa dereva wangu.

Bibi Kahawa

Na mama yako anasema nini? Katika uzi wote huu umetuandikia ya daktari, ya katibu na ya mawakili, lakini hujatuandikia hata neno moja la mgonjwa.

Mwana wa Ziwa

Anasema anataka kuzikwa na watu ambao yeye aliwazikia wazazi wao. Nilipomweleza kwamba kampuni italeta watu wenye ujuzi, aliniuliza kama watu hao wanajua jina lake. Hataki kusikia habari ya Dar es Salaam.

Ndugu zangu, mimi nilikulia katika umaskini. Baba alifariki tukiwa wadogo, na ninakumbuka jinsi tulivyokuwa tukingoja mkono wa mtu. Niliapa kwamba sitamngojea mtu tena maishani mwangu, na kila nilichofanya nilikifanya kwa ajili hiyo. Sasa ninaambiwa kwamba fedha yangu haifai kwa jambo moja tu ambalo ningetoa mali zote nilipate.

Shaha wa Pwani

Basi kaka, kumbe mkono uliokuwa mkiungoja ulikuja, ndiyo maana uko hai na unaandika. Ni nani aliyemzika baba yako?

Mwana wa Ziwa

Ni hao hao.

Mchunguzi

Ninaondoa maneno yangu kuhusu utunzi, au tuseme nimeyaweka kando. Lakini bado hujamjibu Wakili kuhusu muhtasari.

Mwana wa Ziwa

Muhtasari sina. Mwenyekiti aliyekuwepo wakati ule aliniambia kwamba mambo ya mkutano atayamaliza mwenyewe, nikampa posho ya wajumbe, nikapewa barua. Sikuuliza zaidi.

Nimefikiria jambo la kuwapendekezea. Nitaondoa seng'enge upande wa chemchemi na kuweka lango, litakalofunguliwa asubuhi na jioni, na kutakuwa na mlinzi ili miche isiharibiwe. Maji ya chemchemi yatakuwa ya bure. Miti itabaki, kwa sababu nimeikopea benki. Je, mnaona hilo litatosha kwa chama kunirudisha?

Wakili wa Kata

Kisheria huna lango la kufungua wala kufunga, kwa kuwa huna ridhaa ya wenye ardhi. Ushauri wangu ni huu. Usisubiri kuitwa. Andika barua kwa Halmashauri ya Kijiji ukiomba suala lako liwekwe mbele ya Mkutano Mkuu. Sema wazi kwamba ulipewa eneo bila mkutano, na uombe mkutano wenyewe uamue sehemu ipi irudi kwa wote na kwa masharti gani. Huenda wakakuachia miti ya juu hadi uivune ulipe benki, huku bonde likirudi, na mikaratusi iliyo karibu na chemchemi ing'olewe, kwa sababu mti huo hunywa maji mengi na haufai kabisa kukaribia chanzo cha maji. Huenda pia wakakataa yote. Likishindikana katika Baraza la Kijiji, lipo Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 linasuluhisha tu bila kuhukumu, na baada ya hapo ndipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Njia hiyo ni ya miaka. Mama yako hana miaka.

Na suala la chama usilichanganye na hilo. Ukienda mkutanoni ukasema "nitatoa bonde ili mniahidi kaburi", utakuwa unanunua tena.

Bibi Kahawa

Sikiliza pia la kahawa, kwa maana wengine wamelisahau. Wale ambao maua yao ya msimu huu umeshayalipia, waambie wauze kahawa yao wenyewe katika chama cha msingi, wakurudishie kile ulichowapa bila nyongeza, na anayeshindwa usimwandame. Anza na huyo mjane. Usimpelekee dereva, nenda mwenyewe kwa miguu, na ukimkuta anamenya ndizi keti chini umenye naye. Mama yako yuko humo ndani, atasikia sauti yako.

Kijana wa Kinondoni

Naomba kuuliza kwa nia njema. Je, ile kampuni ya mazishi uliyoilipa itarudisha fedha?

Mwana wa Ziwa

Nimewapigia simu. Wanasema mkataba unaruhusu kurudisha nusu, ikiwa nitavunja kabla ya msiba kutokea. Sijavunja bado. Barua kwa Halmashauri nimeiandika leo, na Wakili, nimekutumia nakala katika ujumbe wa faragha ili uipitie. Nimefuta sentensi inayotaja chama. Suala la kahawa linanisumbua zaidi, kwa kuwa ni fedha nyingi kuliko mnavyodhani, na nimeshaahidi mzigo kwa mnunuzi.

Wakili wa Kata

Nimeipata. Aya ya pili unasema eneo "lilitolewa kwa makosa ya uongozi". Andika kwamba uliomba, ukalipa posho, na hukuuliza. Kisha itume.